Mlio wa mwendokasi kwenye magari mapya: unauzima, ukiwasha gari umerudi!

Wakuu, heshima kwenu. Mnivumilie, leo naandika nina hasira.

Nipo Ujerumani, kazi yangu ni kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani. Huyu unamwogesha, yule unamvalisha soksi za kubana, mwingine unampa dawa, halafu mbio kwa anayefuata. Gari linazimwa na kuwashwa kutwa nzima. Kampuni ilipotuletea magari mapya tulishangilia. Sasa hivi tunagombania yale machakavu yaliyobaki!

Sababu ni huo mlio. Ukipita kidogo tu kile ambacho gari linadhani ndicho kikomo cha mwendo, linaanza kukupigia kelele. Unataka kuuzima? Fungua skrini, tafuta mipangilio ya gari, ingia msaada wa dereva, shuka hadi chini, zima, kisha skrini ikuulize kama kweli una uhakika. Haya, umezima. Unafika kwa mgonjwa, unazima injini, unamhudumia, unarudi, unawasha: tii tii tii. Unaanza upya. Na asubuhi kila dakika ina mtu anayeisubiri.

Kumbe si hitilafu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/2144 ndiyo inayotaka hivyo. Ilianza Julai 2022 kwa aina mpya za magari, na tangu tarehe 7 Julai 2024 kila gari jipya linalosajiliwa lazima liwe na mfumo huu. Dereva ameruhusiwa kuuzima, ila gari likiwashwa tena ni lazima urudi.

Na asije mtu hapa kuniambia nipunguze mwendo. Nikiona kibao cha 30 naenda 30, watoto wanavuka. Kinachoniuma ni kwamba gari lenyewe halijui kusoma! Karibu na shule kuna kibao cha 30, na chini yake maandishi madogo: Jumatatu hadi Ijumaa, saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni. Jumapili napita hapo na 50 yangu halali, linalia. Barabara kuu kuna kibao cha 80 cha wakati wa mvua tu. Jua linawaka, lami imekauka, linalia. Kibao cha njia ya kutokea linakichukua kama changu mimi ninayeendelea mbele. Hata mabasi: huku mengine yanabandikwa stika ya duara yenye 100 nyuma, kuonyesha yameruhusiwa mwendo huo. Kamera inaisoma stika ya basi kama kibao cha barabarani. Jamani!

Juzi nilikuwa nampeleka bibi mmoja kwa daktari wa macho. Ana ugonjwa wa kusahau. Kila gari likilia anakamata mpini wa mlango kwa mikono miwili na kuniuliza kama kuna moto. Namtuliza, anatulia, linalia tena. Tulifika anatetemeka, na mlio karibu wote ulikuwa wa uongo. Mtu aliyekaa ofisini akapitisha kitu hiki amewahi kupanda gari na mgonjwa wa namna hiyo?

Halafu sheria hiyo hiyo inasema mfumo utengenezwe ili makosa yaepukwe au yapunguzwe katika uendeshaji halisi. Iko wapi hiyo? Na wala haikumlazimisha mtengenezaji atumie mlio. Kuna njia nne: mlio, mtetemo, pedali ya mafuta inayosukuma mguu wako taratibu, au gari kupunguza nguvu lenyewe. Zote dereva anaweza kuzipita akitaka. Wao wakachagua kelele, kisha wakaficha pa kuizimia ndani kabisa ya menyu, ili mimi niitafute huku macho hayako barabarani. Huo ndio usalama?

Nilienda kwa wakala wa magari, kijana wa mapokezi akanijibu kwamba ndivyo sheria inavyotaka. Hapana! Sheria inataka mfumo urudi gari likiwashwa, haijasema kitufe kifichwe. Renault wameweka kitufe, unabonyeza mara mbili mipangilio yako uliyoihifadhi inarudi yote. Kwenye Hyundai na Kia nyingi unashikilia kitufe cha kunyamazisha sauti kwenye usukani, basi. Kwa hiyo inawezekana, wengine hawajali tu.

Wapo walionishauri nitafute vijana wa kuchomeka kifaa kwenye soketi ya OBD (ile mafundi wanayotumia kupima matatizo ya gari) waufute mfumo moja kwa moja. Gari si langu. Na hata lingekuwa langu, nikigonga mtu halafu bima wakute nimechezea mfumo wa usalama, nani atanitetea? Kukata spika nako hapana, kwenye haya magari yetu spika hiyo hiyo ndiyo inayolia mkanda usipofungwa na mlango ukiwa wazi.

Mkataba wa magari yetu unakaribia kuisha na namwandikia bosi barua, magari yajayo yawe na kitufe cha kuzima mara moja. Mlioko kazi za aina hii Ujerumani, Ubelgiji, Uholanzi na Sweden, nitajieni aina ya gari mnalotumia na mlio unazimwaje, kwa kubonyeza mara ngapi. Nataka niiambatanishe orodha hiyo.