Wauguzi wanahimiza wagonjwa kupima saratani ya mlango wa kizazi, wenyewe hawapimi. Tufanyeje?

Bi_Zamu: Wakuu, habari za kazi. Kituo kina huduma, ni bure, na wauguzi ndio wanaotoa elimu kila asubuhi. Ukiuliza nani kati yao amepima, wanaangaliana. Semina zimefanyika, hakuna kilichobadilika. Kampeni ya wafanyakazi ipangwe vipi ili waje kweli?

Mkunga_Mwandamizi: Semina nyingine haitasaidia, ujuzi wanao. Kinachowazuia ni kwamba atakayeshika spekulamu (kifaa cha kufungulia uke) ndiye watakayekunywa naye chai baadaye, na jibu linaandikwa kwenye rejista ambayo yeyote aliye zamu anaifungua. HPV, virusi vinavyosababisha saratani hii, huambukizwa kwa ngono, kwa hiyo jibu chanya la mtu mmoja ni umbea wa wodi nzima. Kumbe virusi hivyo huweza kukaa kimya miaka mingi; havithibitishi kwamba kuna aliyetoka nje ya ndoa juzi. Hilo lisemwe wazi.

Anzeni na rejista. Kila mfanyakazi apewe namba, majina yashikwe na mtu mmoja asiye msimamizi wake. Badilishaneni wapimaji na kituo jirani. Halafu muda: kliniki ikifungwa saa za kazi zinapoisha, wa zamu ya mchana bado yuko wodini, na aliyekesha anataka kitanda. Mpeni nusu saa ndani ya zamu, na jina la atakayemshikia wodi liwe kwenye ratiba. "Nenda ukipata nafasi" maana yake hataenda.

Benchi_la_Maabara: Kama kipimo cha vinasaba vya HPV kinapatikana, tumieni hicho, maana kila mmoja anajichukulia sampuli faraghani. Ananawa mikono, anaingiza brashi ukeni taratibu bila ncha kugusa kitu kingine, anaizungusha kwa muda ulioandikwa kwenye kifaa (vingi ni kati ya sekunde 10 na 30), anaiweka kwenye kichupa na kufunga. Wengi huhofia kwamba hawakufika kwenye mlango wa kizazi. Si lazima, virusi hupatikana hata kwenye ute wa uke. Sampuli huharibika kwa kifuniko kilicholegea au lebo isiyo na namba. Aliye kwenye hedhi asubiri iishe. Ila msichanganye: Pap smear, kipimo cha seli za mlango wa kizazi, haichukuliwi hivi, inahitaji mtaalamu.

WHO inapendekeza kuanza miaka 30 na kurudia kila miaka 5 hadi 10. Anayeishi na VVU aanze 25, arudie kila miaka 3 hadi 5.

Kolpo: Kabla hamjagawa brashi hata moja, pangeni nani atamwona mwenye jibu chanya, na lini. Kampeni nyingi hufia hapo. Chanya si saratani. Maambukizi mengi huondoka yenyewe ndani ya miaka 2 hivi. Lakini lazima mlango wa kizazi uangaliwe. Mkiupaka siki ya asilimia 3 hadi 5, subirini dakika 1 kamili kabla ya kusoma. Mwenye haraka hukosa weupe, dalili ya seli zisizo za kawaida, unaochelewa kujitokeza. Kidonda kinachofaa huchomwa kwa joto siku hiyohiyo. Kinachoingia ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi, au kinachotiliwa shaka ya saratani, ni rufaa, msikiguse.

Wafanyakazi waliokoma hedhi ni habari nyingine: mpaka wa seli, ambapo saratani hii huanzia, hujificha ndani ya mfereji, na siki inaweza kuonyesha "safi" pasipo usafi. Waambieni pia mapema kwamba baada ya kuchomwa kuna majimaji ukeni na kuacha tendo la ndoa kwa takriban wiki 4. Wapo wanaokwepa kupima kwa kuogopa kuulizwa nyumbani.

Bi_Zamu: Asanteni sana. Wapo vijana waliochanjwa dhidi ya HPV wanaodai haiwahusu.

Kolpo: Inawahusu, umri ukifika. Chanjo haitibu maambukizi yaliyokwishaingia, na haikingi aina zote. Aina ya 16 na 18 husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii, zilizobaki zipo.