Nani atakaa na Shosho, nyanya yetu aliyepata kiharusi? Kikundi cha familia, Jumapili jioni

*Njeri:* Habari za jioni. Shosho amekunywa uji nusu kikombe, na dawa ya presha amemeza. Kisigino cha kushoto kimeanza kuwa chekundu. Nimekiinua kwa mto kisiguse godoro, na namgeuza kila masaa mawili, hata usiku.

*Mama Brayo:* Asante mami, Mungu akubariki. Na wewe unalala saa ngapi?

*Njeri:* Silali anti. Na mwenye kibanda ninachouzia soko la Gikomba amesema mwezi ukiisha anakipatia mtu mwingine.

*Anko Maina:* Basi tutafute msichana wa kazi.

*Mama Brayo:* Maina, kuosha vyombo na kugeuza mgonjwa wa kiharusi si kazi moja. Akilazwa vibaya wiki mbili tu mgongo unafanya vidonda, halafu tunaanza kuchangia bili ya hospitali.

*Anti Rose (California):* Nimewasoma. Hii ndiyo kazi ninayofanya huku. Mzee wa kipato kidogo aliye kwa Medi-Cal, bima ya afya ya serikali ya huku, anatembelewa na afisa wa kaunti. Anaangalia: anaweza kuoga mwenyewe? Kupika? Kwenda choo? Kisha anampangia masaa, yasiyozidi 283 kwa mwezi, na serikali inamlipa anayemhudumia palepale nyumbani. Hata mtoto wake wa kumzaa analipwa! Mama ninayemwogesha asubuhi, jioni anahudumiwa na bintiye, na wote wawili tuna mshahara.

*Anko Maina:* Huko ni huko, Rose. Sisi tuna Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi.

*Brayo:* Na Shosho hayumo. Ana miaka 81, wao wanataka 70, na hana pensheni yoyote.

*Njeri:* Walipoandikisha alikuwa ushago na kitambulisho kilikuwa kimepotea. Kipya kimeshatoka. Kesho naenda kwa chifu kuuliza wataandikisha tena lini, na jina langu liwekwe kama mlezi ili nimchukulie pesa.

*Brayo:* Fanya hivyo. 2,000 haifikishi pampasi za mwezi, lakini ni haki yake. Katiba, kifungu cha 57, inasema wazee wapate matunzo na usaidizi kutoka kwa familia NA serikali. Familia tuko hapa. Huyo mwingine yuko wapi?

*Anko Maina:* Si kuna wahudumu wa afya ya jamii, wale waliopewa mikoba ya vifaa 2023?

*Njeri:* Wetu huja, na ni mama mzuri sana. Juzi alipima presha na sukari, akanionyesha kutandika shuka iliyokunjwa chini ya kiuno, ili nikimvuta Shosho ngozi isikwaruzike. Lakini ana karibu nyumba mia za kuzungukia, kwa posho ya 5,000. Hawezi kuja kumwogesha kila siku.

*Mama Brayo:* Hapo ndipo panaponiuma. Wa kupima yuko, wa kukaa na mgonjwa hayuko kwa bajeti ya mtu. Wanadhani kila nyumba ina binti asiye na kazi. Njeri alikuwa na kazi!

*Anti Rose (California):* Ndiyo maana nasema msichana tusitafute. Tumlipe Njeri mwenyewe, mshahara wa kueleweka, si "asante mami". Mimi natuma 10,000 kila mwezi.

*Mama Brayo:* Sisi 5,000.

*Anko Maina:* Mimi 3,000, na Ijumaa na Jumamosi usiku nitalala huko mimi. Njeri apumzike.

*Njeri:* 😭 Asanteni. Anko, njoo mapema nikuonyeshe, mkono wa kulia usiushike kumvutia.

*Brayo:* Na afya iko chini ya kaunti. Wakiita wananchi kutoa maoni ya bajeti, naenda kuuliza pesa za wa kuhudumia wazee majumbani.

*Mama Brayo:* Niambie siku. Nakuja na akina mama wa chama, watatu wana wazazi wasioamka kitandani.