Mjadala: Nairobi imetulia tangu shambulio la hoteli ya Dusit. Mkakati wa usalama umefaulu, ama vita tumevisukuma Mandera na Lamu?

Mleta mada
Wadau salaam. Kila serikali ikiulizwa habari ya Al-Shabaab inatuonyesha Nairobi. Ati tangu Dusit, Januari 2019, hakujatokea shambulio kubwa jijini, basi mkakati unafanya kazi. Sasa mimi nauliza, unafanya kazi kwa nani? Jeshi letu, KDF, waliingia Somalia Oktoba 2011, tukaambiwa ni kuwasukuma hawa jamaa mbali na mpaka, halafu kikafuata nini, jengo la maduka la Westgate Nairobi 2013 watu 67, Mpeketoni kule Lamu mwaka uliofuata zaidi ya 60, chuo cha Garissa Aprili 2015 watu 148. Baadaye jiji likatulia, sawa, lakini bomu la kutegwa barabarani huko Garissa, Lamu na Mandera mpaka limekuwa habari ya dakika moja kwa taarifa ya saa moja. Polisi wakilipuliwa wakiwa ndani ya lori tunasema pole tunahamia michezo. Na ule ukuta wa mpakani je? Ulipangiwa kilomita mia kadhaa, kufika 2019 bunge linaambiwa bilioni 3.4 zimeisha na kilichosimama ni kama kilomita 10 za waya. Kumi!

Askari_Mstaafu
Wewe unalinganisha vibaya bana. Linganisha Westgate na Dusit. Westgate siku nne, polisi na jeshi wanarushiana risasi wenyewe kwa wenyewe, hakuna anayejua nani ndiye mkubwa pale. Garissa wameingia alfajiri, Recce, kikosi maalum cha polisi, wakafika mchana, waandishi wa habari waliotoka Nairobi na magari wakawa wameshawatangulia. Ukija Dusit vikosi viko pale mapema, amri ni moja, watu zaidi ya 700 wametolewa wakiwa hai. Hiyo si bahati, ni watu walikaa chini wakajifunza. Mbona hilo husemi?

Mleta mada
Mkuu hilo nakubali asilimia mia. Lakini hiyo ni kuzima moto vizuri, mimi nauliza habari ya kuuzuia, tena kila mahali si Westlands ya Nairobi peke yake.

Jarife_la_Amu
Nyinyi wa bara mjadala wenu hauna bahari. Baada ya Mpeketoni sisi tuliwekewa kafyu, na kuvua usiku marufuku kwa miaka, mpaka 2018 ndio tukafunguliwa. Sasa jarife, huo wavu wetu, unalitupa jua likizama unalitoa alfajiri, huo ndio uvuvi wake, ukimwambia mtu atoke saa kumi na mbili asubuhi umemwambia akae baraza anywe kahawa. Na baada ya kutufungia miaka yote hiyo, Januari 2020 Al-Shabaab waliingia kambi ya jeshi ya Manda Bay yenyewe, hapa hapa Lamu, Wamarekani watatu wakauawa na ndege zikachomwa. Yaani mvuvi na ngalawa yake ndiye aliyeonekana hatari. Halafu ndugu zetu Waboni, msitu ndio ghala lao la asali, tangu operesheni ya 2015 kuingia msituni ni kujitafutia matatizo. Hao ndio wanaojua kila njia mle ndani, ungewafanya marafiki kwanza.

Binti_Mandera
Umenena kaka. Desemba 2015 basi lilisimamishwa karibu na El Wak, abiria Waislamu wakaambiwa wajitenge na Wakristo, wakakataa, wengine wakawavisha wenzao hijabu. Mwalimu mmoja Mwislamu alipigwa risasi siku hiyo akafa mwezi uliofuata. Hao ndio watu ambao serikali ilikuwa imetoka kuwabeba kwa malori ikawajaza uwanja wa Kasarani Nairobi 2014, kosa lao ni kuwa Msomali. Na kitambulisho, mtoto wa Mandera akifika miaka 18 alikuwa anapigwa msasa na kamati ya wazee kama mgeni, hiyo ilitangazwa kuondolewa Februari 2025 tu. Unataka nikupe habari za siri na hata hujaamini mimi ni wako? Walimu wasio wenyeji walihamishwa Januari 2020 baada ya wenzao kuuawa Kamuthe huko Garissa, kuna shule mwalimu akabaki mmoja anafundisha kila kitu.

Mleta mada
Hapo ndipo ninapotaka tufike. Mkakati upimwe kwa hivyo, mwalimu yuko darasani ama hayuko, basi la Mandera linatembea bila kusindikizwa na polisi ama bado. Tusihesabu tu siku ambazo Nairobi haijalipuka.

Askari_Mstaafu
Sawa, maneno matamu, sasa niambie. Mei 2023 serikali ikatangaza kufungua mpaka wa Somalia, Mandera wakafurahi, biashara wanaitaka. Mashambulizi yakaongezeka, mwezi wa saba Kindiki, waziri wa usalama wa ndani wakati huo, akasema ngoja kwanza. Ungekuwa wewe kwenye hicho kiti ungefungua?

Binti_Mandera
Ningefungua. Mizigo ilipita kila siku hata mpaka ukiwa umefungwa, tofauti ni kwamba aliyelipwa si mamlaka ya ushuru, KRA.