Difu inavuma tangu sili ya pinioni ibadilishwe. Nibadilishe beringi zote?

Bolti17:

Wakuu, naomba macho yenu kabla sijaifungua difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma. Ni pikapu, ekseli ya nyuma ni ile ngumu, na kichwa cha difu kinachomolewa kwa mbele kikiwa kizima. Miezi miwili iliyopita sili ya pinioni (gia ndogo inayozungushwa na propela shafti) ilikuwa inavujisha oili, fundi mmoja akaibadilisha kwa nusu saa na uvujaji ukakoma. Wiki ya tatu ukaanza mvumo kutoka nyuma. Unaanzia kilomita 50 kwa saa na unapanda pamoja na mwendo. Nikikanyaga mafuta unavuma, nikiachia unavuma vilevile.

Juzi baada ya safari ya saa moja niligusa shingo ya difu, pale propela shafti inapofungwa, sikuweza kuacha mkono pale hata kidogo. Nimemwaga oili. Kwenye sumaku ya nati ya chini kuna uji mweusi, na ndani ya uji huo vipande viwili vyembamba vinavyong'aa kama magamba ya samaki.

Mmoja ameniambia ni beringi za magurudumu. Mwingine anasema meno ya krauni, ile gia kubwa inayozungushwa na pinioni, yamekwisha. Wa tatu anataka ninunue difu nzima iliyotumika. Nina spana ya torki, jeki, stendi na muda. Kazi hii naiweza?

Tairi_la_Nne:

Kaka, anza na rahisi. Tafuta barabara iliyo wazi, nenda kama 60, kisha yumbisha usukani taratibu kushoto na kulia. Ukikata kushoto uzito unaenda upande wa kulia. Mvumo ukizidi hapo, shuku beringi ya gurudumu la kulia. Kinyume chake vivyo hivyo.

Bolti17:

Nilijaribu hilo kabla sijamwaga oili. Haubadiliki upande wowote.

MamaSpana:

Mdogo wangu, weka mbali hayo mawazo ya kununua difu nyingine. Umeshaandika jibu kwenye swali lako: sili, nusu saa, na shingo inayochoma.

Ndani ya shingo ile pinioni imekaa juu ya beringi mbili za rola zenye umbo la koni, zinazotazamana. Beringi za namna hii hazikai kwa kulegea, lazima zibanwe kidogo, na mbano huo unatokana na nati ya pinioni. Kati ya beringi hizo kuna krashi slivu, bushi nyembamba ambayo nati inaibonyeza hadi kipimo kinachotakiwa. Ikishabonyea hairudi. Fundi anayebadilisha sili anatakiwa apime uzito wa kuzungusha pinioni kabla ya kufungua nati, au angalau aweke alama kwenye nati na kwenye ncha ya pinioni na kuhesabu nyuzi, ili airudishe palepale. Nati ikikazwa kwa bomba refu mpaka mkono uchoke, slivu inabonyea kupita kiasi, rola zinasaga njia yake, joto linapanda, chuma kinaanza kubanduka. Magamba yako yanatoka huko. Uji mweusi peke yake usingenitia wasiwasi, kila difu iliyotembea inao.

Mvumo pia unasema hivyo. Meno mabaya hubadilisha sauti ukikanyaga na ukiachia mafuta, kwa sababu yanabadilisha upande wa kusukumana. Beringi ya pinioni iliyobanwa kupita kiasi haijali. Tena kama uwiano wako ni 4.1, pinioni inazunguka zaidi ya mara nne kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, ndiyo maana sauti ni nyembamba kuliko ya beringi ya gurudumu.

Unaiweza, ila kwa masharti. Fundi aliyenilea alikuwa ananipa kalamu na daftari kabla ya spana, na mpaka leo sifungui difu bila hivyo vitu viwili. Ukishatoa ekseli shafti na kichwa kikiwa mezani, usiguse bolti yoyote. Pima kwanza mchezo, yaani nafasi ya kulegea, kati ya meno ya krauni na pinioni kwa saa ya kupimia (daili geji), sehemu nne za krauni, andika. Halafu piga alama kwa pointa kepu mbili zinazoshika beringi za pembeni, zile za kushoto na kulia kwa krauni: nukta moja kushoto, mbili kulia, kwenye kepu na kwenye hausingi. Kepu hizo zilichongwa zikiwa zimefungwa mahali pake. Ukizibadilishana, tundu halitakuwa duara tena na hutaiona kasoro mpaka beringi mpya ife. Hilo naliogopa kuliko yote katika kazi hii.

Krauni ikishatoka, zungushia kamba kwenye flenji ya pinioni, ile sahani inayofungwa propela shafti, vuta kwa mizani ya springi, usome inapozunguka, si inapoanza kusogea. Kilo mara 9.81 mara nusu kipenyo cha flenji kwa mita, utapata Nm (nyutoni mita), yaani uzito wa kuizungusha. Niletee namba hiyo.

Oili_Safi:

Naongeza moja tu: angalia kipumulio juu ya ekseli. Kikiziba kwa tope, hewa ya moto inakosa pa kutokea na inaisukuma oili kupitia sili. Huenda sili ya kwanza haikuwa na kosa lolote.

Bolti17:

Nimerudi. Kipumulio kilikuwa kimeziba kabisa, nimekichokonoa kwa waya mpaka hewa ikapita. Asante sana kwa hilo.

Mchezo wa meno: 0.16, 0.17, 0.17, 0.15 mm. Meno yenyewe ni safi, hayana mikwaruzo. Flenji nusu kipenyo ni sentimita 6, mizani ilisoma kilo 8. Nimepata karibu 4.7 Nm. Beringi kubwa ya ndani, ile iliyo karibu na meno ya pinioni, njia ya kikombe chake (pete ya nje) imegeuka rangi ya bluu na ina mashimo upande mmoja. Ile ndogo ya mbele ina alama za kijivu. Za pembeni zinaonekana nzima.

MamaSpana:

4.7 kwa beringi zilizokwisha kutembea ni nyingi mno. Kwa difu nyingi za ukubwa huu, beringi mpya hutaka kama 1.5 hadi 3, zilizotumika karibu nusu ya hapo. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho.

Badilisha zote nne. Za pembeni zimeogelea kwenye oili yenye magamba, na macho hayaoni kila kitu. Badilisha koni (pete ya ndani yenye rola) pamoja na kikombe chake, usichanganye kipya na kikuukuu. Vikombe vitoe kwa kipande cha shaba, ukigonga pande zote kwa zamu. Beringi mpya ipashe moto kwenye oili kama nyuzi joto 100, itaingia kwenye pinioni kwa mkono. Usiipige nyundo kwenye kizimba cha rola.

Chini ya beringi kubwa utakuta shimu, pete nyembamba ya kurekebisha kina. Itunze kama macho yako. Ndiyo inayoamua pinioni iingie kina gani, na kwa kuwa meno na hausingi ni vilevile, irudishe ileile. Kisha paka meno machache ya krauni rangi ya kukagulia, zungusha huku ukiizuia kidogo, utazame alama. Ikiwa imezama kwenye shina la meno, pinioni imeingia sana, punguza shimu. Ikiwa iko ncha ya juu, ongeza.

Ukaguzi huo ufanye bila krashi slivu, nati ikibanwa kidogo kidogo. Slivu mpya weka mwishoni, na hapo nenda polepole. Itakataa, itakataa, halafu ghafla itaanza kubonyea. Kuanzia hapo kaza kidogo, zungusha, pima, kaza tena. Ukipita kipimo usilegeze nati, nunua slivu nyingine. Nimeshuhudia watu wakilegeza robo mzunguko na kujiridhisha. Pinioni hiyo inabaki haina kinachoishika.

Bolti17:

Mama, shikamoo. Imechukua siku tatu.

Shimu ya zamani ni 1.27 mm, nimeirudisha. Alama ya rangi imekaa katikati ya meno. Ila mchezo ulitoka 0.28. Difu yangu ina nati za pembeni zenye meno, za kusogeza krauni, nikalegeza ile ya upande wa meno ya krauni tundu moja na kukaza ile ya mgongoni tundu moja, kama kitabu kinavyosema, ili mbano wa beringi usibadilike. Mara mbili hivyo nikapata 0.16 pande zote.

Slivu ya kwanza niliipitisha, mizani ikasoma kilo 6. Nilikumbuka maneno yako, nikaitoa, nikaweka nyingine. Ya pili nimeishia kilo 3.5, yaani kama 2 Nm. Oili nimetia 80W-90 ya GL-5.

Nimeendesha dakika 20, nikasimama ipoe, nikaendesha tena. Shingo ina joto la kawaida, mkono unakaa. Kwa 80 nasikia upepo na matairi tu.

MamaSpana:

Marahaba. Hiyo slivu ya kwanza uliyoitupa ndiyo iliyonifurahisha. Oili hiyo imwage ukifika kilomita 800, uitazame sumaku tena, na namba zako ziandike mahali pa kudumu. Sili ikivuja tena siku moja, atakayeifungua utampa daftari.