Nampeleka mama kuonja viungo Unguja kwa siku moja: shamba moja au matatu?

MtotoWaHombolo
Habari za leo wadau. Naomba ushauri, hasa kwa wenyeji wa Zanzibar.

Kwetu ni Hombolo, Dodoma, baba analima zabibu. Nimekua nikiona wageni wanashushwa shambani, wanaonyeshwa mizabibu, kisha wanapelekwa kuonja mvinyo. Julai hii ni zamu yetu kuwa wageni. Tutakuwa Unguja siku 4, na moja nataka iwe ya viungo tu: mama anuse, aonje, aulize mpaka aridhike. Ana miaka 66, pilau amepika tangu akiwa msichana, lakini iliki ikiwa kwenye mmea wake hajaiona hata mara moja.

Wasiwasi wangu ni huu. Mwaka juzi nilikwenda na wenzangu wa kazini, na tuliyemlipa alituahidi mashamba 3. Kila shamba dakika 20, mbio mbio, nusa jani hili, shika ganda lile, halafu tunasimamishwa mbele ya meza ya biashara karibu saa nzima. Kufika hotelini sikukumbuka kipi ni kipi. Iliniuma, na sitaki mama apate siku ya namna ile. Magoti nayo yanamsumbua.

Twende shamba moja au mengi? Saa ngapi? Na manunuzi nifanyie wapi?

Binti_wa_Dole
Karibuni sana dada, na mama mpe salamu zangu. Mie nimezaliwa Dole, viungo viko nyuma ya jiko letu.

Shamba moja tu. Pua inachoka dada yangu, ukishanusa vitu vitano vikali mfululizo, cha sita hukisikii. Dole, Kizimbani na Kidichi zote ziko upande mmoja, si mbali na mjini, na kinachoota kwa huyu ndicho kinachoota kwa jirani yake. Kabla hujatoa pesa mwambie anayewatembeza: shamba moja, muda wa saa tatu nzima, mama anakwenda polepole. Akianza kuvutana nawe, tafuta mwengine. Tokeni saa 2 asubuhi, jua halijawa kali.

Sasa kuonja kuna mpangilio wake. Anzeni na vya upole: mchaichai, jani la mdalasini. Kisha iliki mbichi. Kisha ganda la mdalasini lililobanduliwa papo hapo kwa kisu, linaanza tamu halafu linachoma kidogo. Pilipili manga mbichi ifuate. Karafuu iwe ya mwisho kabisa, maana inatia ganzi ulimi; ndiyo maana wazee huibana kwenye jino linalouma. Katikati mnyweshe mama dafu.

Bebeni kigoda. Iliki haining'inii juu kama watu wanavyodhani, inatoka chini kabisa, pale shina linapotokea udongoni. Mama akae, aifunue majani mwenyewe.

Na usiondoke kabla hawajampasulia tunda la kungumanga. Ganda la njano linafunguka, ndani kuna kokwa ya rangi ya kahawa iliyoiva, inang'aa, imevikwa wavu mwekundu kama uzi wa hariri uliolowa. Wavu ule ndio basibasi. Miaka yote amenunua vitu viwili dukani, kumbe vimetoka tunda moja.

Hamamu ya Kidichi, nyumba ya kuogea iliyojengwa zama za Sultani Seyyid Said, ipo jirani. Akiwa na nguvu mpitishe, akichoka iacheni.

Mpishi_Ngambo
Mimi nijibu la manunuzi. Nunua vizima, usinunue vya kusaga. Karafuu ibonyeze kwa ukucha, nzuri inatoa mafuta. Iangalie na kichwa, kama vingi vimedondoka ni za zamani.

Zafarani achana nayo. Haioti Zanzibar, na hiyo ya bei rahisi mnayouziwa kama ya shambani si zafarani. Inaniudhi kuona watu wazima wanadanganywa hivyo. Chukua kidogo pale shambani kuwashukuru, vingine nenda soko la Darajani mjini ulinganishe bei.

MtuWaChake
Yote waliyosema ni kweli, lakini dada, kwa mtu anayependa viungo kama mama yako, karafuu hasa ziko Pemba. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, huku kwetu ikasalimika. Ukija msimu wa mavuno utakuta majamvi yameanikwa karafuu, unapita njiani na harufu inaingia garini.

Kuna na kiwanda cha makonyo pale Wawi, karibu na mji wa Chake Chake. Karafuu zikishachambuliwa, vile vikonyo havitupwi. Vinapigwa mvuke, mvuke unapozwa, na mafuta yanatengana na maji. Kwa mtoto wa mkulima wa zabibu nadhani utakipenda.

Ila karafuu usizinunue kwa mkulima njiani. Mnunuzi wa karafuu za wakulima ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na magendo ni kosa. Za jikoni chukua dukani, za pakiti.

MtotoWaHombolo
Ahsanteni mno, Mungu awabariki. Nimemsomea mama yote kwenye simu, na lile la basibasi amenifanya nirudie mara mbili. Tunakwenda Dole, shamba moja, na kigoda nabeba. Sasa anataka na Pemba, kwa hiyo naongeza siku 2. MtuWaChake, kwa magoti yake, boti au ndege?

MtuWaChake
Ndege, dada. Julai upepo wa kusi unavuma na bahari ya kuja Pemba inachafuka, boti itamtesa. Kwa ndege ni kama nusu saa mpaka Chake, na Wawi si mbali na uwanja. Ulizia kiwandani siku moja kabla kama watakuwa wanapika. Wasipopika mtaona mitambo imelala tu, na mama atakosa ile harufu.