Mpaka ulipofungwa kwa korona, pesa ya nyumba ilikuwa deni la nani?

NEEMA WA MABANGA (Goma)

Salamu ndugu zangu na wakubwa wa hapa. Nina shauri la nyumbani na naomba mawazo yenu kabla ya Jumamosi.

Mama yangu ni mjane. Marehemu baba alimwachia nyumba mbili za mbao hapa Mabanga: moja tunakaa, nyingine tunapangisha kwa dola 60 kwa mwezi. Mpangaji wetu ni mama mchuuzi wa mpakani. Kila alfajiri alikuwa akivuka Petite Barrière, njia ya mpakani ya waendao kwa miguu, kwenda Gisenyi upande wa Rwanda, anarudi na nyanya, karoti na vitunguu, anauzia Birere, mtaa wa hapa mjini. Ni mtu mwema. Watoto wake wamekulia kwenye uwanja wetu.

Machi 2020 Rwanda ilifunga, na tarehe 24 ya mwezi huohuo Rais wetu hapa Kongo akatangaza hali ya dharura na kufunga mipaka kwa watu. Magari ya mizigo yaliendelea kupita. Mwenye beseni kichwani hakupita. Basi kuanzia Aprili hadi Julai mama yule hakulipa kitu, na hakuwa na kitu cha kulipa. Jumla dola 240.

Mnakumbuka serikali ilikataza wenye nyumba kumfukuza mpangaji aliyeshindwa kulipa kuanzia Machi hadi Juni. Hatukumfukuza, na hata bila tangazo lile tusingemfukuza. Lakini tangazo halikusema deni linakwenda wapi. Halikufutwa, wala hakuna aliyelilipa. Mama yangu ana presha, na dawa zake zilikuwa zikitoka kwenye zile dola 60. Mwezi wa tano tuliuza cherehani yake ili anunue vidonge.

Sasa mpangaji anahamia Bukavu kwa mwanawe na anaomba garanti yake, yaani dhamana aliyoiweka alipoingia, dola 180. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anasema asirudishiwe hata franka moja, tena bado anadaiwa 60 juu. Mdogo wangu anasema deni la korona si deni, arudishiwe zote na tumwombe radhi kwa kuchelewa. Mama hasemi lolote, ananitazama tu, kwa kuwa daftari ninalishika mimi.

Nauliza kwa moyo wote: hasara ile ilipaswa kubebwa na nani? Mpangaji? Mwenye nyumba? Aliyetoa amri ya kufunga? Siulizi kwa ajili ya garanti hii peke yake. Tangu ugonjwa wa mpox (homa ya nyani) ulipoingia kwenye kambi za wakimbizi pembezoni mwa mji, na hasa baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza dharura mwezi wa nane 2024, kila ninapokutana na wapangaji wa kartie (mtaa) yetu wananiuliza: wakitufunga tena, itakuwaje?


MAMA BIASHARA BIRERE

Dada Neema, pole kwa mama na kwa cherehani. Mimi pia nilikuwa mama wa barrière, kwa hiyo nitasema yaliyotupata sisi, maana wengi wanafikiri tulikaa nyumbani tukipumzika.

Mtaji wetu sisi hauko benki. Uko kwenye bidhaa, na faida ya leo ndiyo chakula cha leo. Mtaji wangu ulikuwa dola 100, nusu yake nilikuwa nimeitoa kwenye likirimba, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, ya akina mama wenzangu. Mpaka ulipofungwa, wiki ya kwanza tulikula faida. Baada ya hapo tukaanza kula mtaji wenyewe, kidogo kidogo, unga leo, mkaa kesho, mpaka ukaisha. Na likirimba haikusimama! Zamu za wenzangu zilikuwa bado, nao walikuwa na njaa kama mimi.

Baadaye wakaleta mpango wa kukusanya mizigo: wauzaji wanaungana, mnaagiza kwa pamoja, gari moja linavusha. Kwa mwenye mtaji mkubwa ilikuwa sawa. Kwa aliyebakiwa na dola 15, ukitoa pesa ya gari na ya wabebaji, unauza nyanya kwa bei uliyonunulia. Na Rwanda haikufungua mipaka yake ya nchi kavu kikamilifu hadi Machi 2022. Miaka miwili, dada.

Kitu kinachoniuma hadi leo ni hiki. Wakati wa Ebola sisi wa Goma tulishajifunza. Mgonjwa wa kwanza alipopatikana mjini Julai 2019, pale barrière tulinawa maji ya klorini, tukapimwa joto, tukavuka. Rwanda ilifunga kwa saa chache tarehe 1 Agosti, ikafungua. Tuliishi na ugonjwa unaoua kuliko korona na watu waliendelea kula. Sikatai kufunga kulikuwa na sababu, wataalamu wanajua kuliko mimi, na korona inasafiri kwa pumzi. Ila aliyetufunga alijua kabisa kwamba hapa watu makumi ya maelfu wanavuka kila siku kutafuta chakula cha siku hiyo. Alipaswa kuja na amri mkono mmoja na unga mkono wa pili. Rwanda wenyewe waligawa chakula nyumba kwa nyumba kwa maskini wao.

Huyo mama mpangaji mrudishieni pesa yake.


MZEE WA KATINDO

Binti yangu Neema, nakusalimu, na umsalimie mama.

Nimefanya kazi ya serikali miaka mingi, nitasema bila kupaka mafuta. Mnasema serikali ilipe. Kwa pesa ipi? Aprili 2020 Shirika la Fedha la Kimataifa lilitoa mkopo wa dharura, dola milioni 363. Zinasikika nyingi. Zigawe kwa watu karibu milioni 90 wa nchi hii wakati ule: dola nne kila mtu. Zisingelipa hata wiki moja ya nyumba ya mama yako. Tena ni mkopo, maana yake watakaolipa ni wajukuu zangu.

Ufaransa waliweza kumlipa mfanyakazi aliyekaa nyumbani sehemu kubwa ya mshahara wake kwa sababu kila mfanyakazi ana karatasi, ana tajiri anayejulikana, na kodi inakatwa kila mwezi. Hapa kwetu mshahara wa nani ungelipwa? Wa mchuuzi asiyeandikwa popote?

Kwa hiyo hasara ilibebwa na jamaa, na itabebwa na jamaa tena. Mgawane: mwenye nyumba asamehe nusu, mpangaji atoe nusu. Wazee wetu walikata mashauri hivyo.


KIJANA WA KENYA (kata ya Kenya, Lubumbashi, si nchi)

Mzee, kwa heshima yote, nakataa hesabu yako.

Unagawa pesa kwa watu milioni 90 kana kwamba wote walifungwa sawasawa. Hawakufungwa sawasawa. Huku kwetu Lubumbashi Machi 2020 tulifungiwa saa 48, basi. Lakini angalia migodi. Migodi mikubwa ya shaba na kobalti haikusimama. Baadhi ya kampuni ziliwaweka wafanyakazi ndani ya eneo la mgodi, wakalala hukohuko wiki kwa wiki bila kuona familia, ili uzalishaji usikatike. Shemeji yangu alikuwa mmoja wao, mtoto wake alizaliwa yeye akiwa ndani.

Machi ile bei ya shaba ilianguka chini ya dola 5,000 kwa tani. Mei 2021 ikapita dola 10,000. Malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yaliendelea kwenda. Kwa hiyo wako waliofungwa kwa amri wakapoteza kila kitu, na wako walioruhusiwa kwa amri hiyohiyo wakaendelea kupata. Mimi nasema aliyeruhusiwa kufanya kazi wakati jirani yake amekatazwa, amlipie jirani. Kodi maalumu ya muda, kwa migodi, kwa kampuni za simu, kwa kila aliyeongeza faida mwaka ule na uliofuata. Pesa ilikuwepo nchini, mzee. Ila haikuwepo Birere.


MWALIMU HIMBI

Msitusahau walimu wa shule binafsi. Shule zilifungwa tarehe 19 Machi, na waliotangulia kurudi, wanafunzi wa mwisho, walirudi Agosti. Mshahara wetu ni pesa ya wazazi. Wazazi hawakulipa, mwenye shule hakulipa. Mimi pia ni mpangaji. Mwenye nyumba wangu alinisubiri na nimemlipa kidogo kidogo, nilimaliza mwaka jana. Sijuti, lakini sioni kwa nini yeye na mimi, watu wawili wenye shida, ndio tuliolipia afya ya mji mzima.


NEEMA WA MABANGA

Aksanti sana nyote. Nimemsomea mama majibu yenu yote, na ya mama Birere aliomba niyarudie.

Mzee wangu wa Katindo, nimefikiri sana juu ya neno lako kwamba mchuuzi haandikwi popote. Naomba unisikilize. Aprili 2020 nchi ya Togo, ambayo si tajiri, ilianza kutuma pesa kwenye simu za watu wa Lomé waliopoteza kazi zisizo na mshahara: washonaji, wauzaji, wasusi, madereva wa moto (pikipiki). Kwa mwezi mwanamke alipewa franka za CFA 12,250, mwanaume 10,500. Mwanamke alipewa zaidi kwa sababu yeye ndiye anayelisha nyumba. Mtu alijiandikisha kwa kubonyeza namba kwenye simu ya kawaida, bila intaneti, akatumia karti yake ya kupigia kura. Sisi hatuna karti ya elekta? Ndiyo kitambulisho chetu cha kila siku! Hatuna Airtel Money, M-Pesa, Orange Money hadi kwenye kibanda cha mwisho cha Majengo?

Na serikali yetu ilijua njia ya kufika kwenye simu zetu. Septemba 2020, wakati mama mpangaji bado hajavuka mpaka, walianza kukata RAM, tozo ya kusajili simu, kwenye unite (salio la simu) zetu, dola 7 kwa mwaka kwa mwenye simu kubwa. Unaweka unite, zinamezwa. Iliendelea hadi 2022 ndipo ikaondolewa baada ya watu kulia. Kwa hiyo njia ilikuwepo, mzee. Kama mkono unafika mfukoni mwa mchuuzi kuchukua, unaweza kufika kumpa. Hilo silisemi kwa hasira kwako, najua ulitumikia nchi kwa uaminifu. Lakini siwezi kukubali kwamba hatukuonekana.

Hata msaada uliotangazwa haukutufikia kwa sababu ya namna ulivyopangwa. Walisema maji na umeme bure miezi miwili, kwa REGIDESO na SNEL, mashirika ya serikali ya maji na umeme. Vizuri. Lakini Mabanga sisi wengi tunanunua maji kwa bidoni (madumu). Muuza bidoni hakupewa tangazo. Bei ya bidoni haikushuka, na tuliambiwa tunawe mikono mara nyingi zaidi. Aliyekuwa na robinet (bomba) ndani ya uwanja wake, tena ndiye mwenye uwezo, ndiye aliyepata bure.

Na zuio la kufukuza wapangaji, namshukuru aliyelifikiria, maana liliwaokoa watu kulala nje. Ila kumzuia mwenye nyumba asimfukuze mpangaji bila kumpa chochote ni kulihamisha deni tu kutoka kwa maskini mmoja hadi kwa mwingine. Hapa Goma kuna wenye nyumba za ghorofa karibu na ziwa, wanapangisha kwa mashirika, walilipwa dola kila mwezi bila kukosa. Hao na mama yangu waliitwa jina moja, "mwenye nyumba", kwenye tangazo moja. Kijana wa Lubumbashi amenifungua macho hapo: swali la kuuliza si nani ni mpangaji na nani ni mwenye nyumba, ni nani alikatazwa na nani aliruhusiwa.

Kwa shauri letu, hivi ndivyo nilivyomwambia yaya jana. Mama yule hakukataa kulipa, alikatazwa kufanya kazi. Hatuwezi kumlipisha amri ambayo hakuitoa. Lakini na mama yetu hakuitoa. Kwa hiyo dola 240 nimeziandika kwenye daftari ukurasa wa peke yake, na sijaandika jina la mpangaji juu yake. Garanti arudishiwe. Yaya amekasirika, amesema pesa zitoke mfukoni mwangu basi. Zitatoka: 100 ninazo, 80 nitaomba kwenye likirimba yangu mwezi ujao. Mama amekubali kwa kichwa.


WAKILI MDOGO (Goma)

Dada Neema, umeamua vizuri, lakini msikabidhiane pesa mikono mitupu. Sheria ya 2015 ya upangaji wa nyumba za kukaa inataka garanti isizidi miezi mitatu, na yenu ni mitatu kamili, kwa hiyo hapo hamna tatizo. Andikeni karatasi mbili: ya kwanza kwamba garanti imerudishwa (100 sasa, 80 mwezi ujao, mweke tarehe), ya pili kwamba miezi ya Aprili hadi Julai 2020 haitadaiwa tena na mtu yeyote wa familia yenu. Hiyo ya pili ndiyo muhimu, maana yaya wako akibaki na hasira anaweza kuifufua baada ya mama yule kufika Bukavu. Asaini mama, asaini mpangaji, asaini yaya, na shefu wa avenyu (kiongozi wa barabara yenu) awe shahidi. Kila mmoja abaki na nakala yake.


NEEMA WA MABANGA

Aksanti wakili. Yaya kusaini ndiyo kazi. Nitamwomba shefu wa avenyu aje mapema Jumamosi akae naye kwanza.