Naomba ushauri, nampeleka mama Ujerumani

Wakuu habari zenu, mwezi ujao nampeleka mama Berlin kumuona dada aliyejifungua, ndo mara yetu ya kwanza kupanda ndege. Dada kashasema Jumapili maduka mengi yanafungwa so mkate na maziwa ununue Jumamosi, na chupa tupu ya maji usitupe, unairudisha kwenye mashine ya supamaketi unapata senti 25 zako. Sasa kinachonipa mawazo ni mama, ana sukari na kila saa anataka choo, na vyoo vingi vya stesheni kubwa ni vya kulipia, je nitembee na sarafu au kadi inakubali? Na insulini yake naibeba begi la mkononi, barua ya daktari ya Kiingereza inatosha? Mliofika huko nisaidieni jamani.